Uchumi unakua ila hela hatuioni, nani anadanganya hapa?

Wakuu habari zenu, naona kwenye huu mjadala tumegawanyika makundi mawili, hawa wanasema takwimu zinaonyesha uchumi unakua vizuri tu kwahiyo wanaolia wanalia kwa mazoea, wale wanasema vyuma vimekaza na hizo takwimu zimepikwa. Mimi siko huku wala kule, ila wanaonikera zaidi ni hao wa kwanza, hasa wanapomwambia mtu "we huelewi uchumi".

Tuchukue mfumuko wa bei maana ndo unachanganya wengi. Kitu kilikuwa 100, mfumuko ukawa asilimia 20 kikafika 120, mwaka unaofuata wanatangaza mfumuko umeshuka hadi asilimia 4, watu wanapiga makofi, kumbe kile kitu sasa ni karibu 125. Bei haijashuka hata kidogo, kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Kama mshahara wako ulibaki palepale ushaachwa na hakuna aliyekurudia. Sasa huyu akisema maisha magumu kakosea wapi? Marekani Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, mwaka mmoja baadaye ukawa asilimia 3, na bado watu waliendelea kulalamikia bei.

Halafu hilo pato la taifa wanalolitumia kusema uchumi unakua, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, mchumi Simon Kuznets aliyeongoza kazi ya kulihesabu kule Marekani alionya mwenyewe mwaka 1934 kwamba hali ya watu huwezi kuisoma kwenye hesabu hiyo. Nigeria 2014 walihamisha mwaka wa msingi, yaani ule wanaoutumia kama kipimo cha kulinganishia hesabu za miaka mingine, kutoka 1990 kwenda 2010, uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 89, wakaipita Afrika Kusini. Hapo hakuna aliyepika, ni shughuli kama za simu na filamu zilikuwa hazihesabiwi sawasawa zikaanza kuhesabiwa, ila hakuna mtu aliyeamka asubuhi yake na hela zaidi. Kwahiyo na nyie kundi la pili, namba usiyoihisi mfukoni sio lazima iwe ya uongo.

Na kweli saa nyingine tunapima uchumi kwa chama. Hukohuko Marekani baada ya uchaguzi wa 2016 wafuasi wa walioshinda wakaona mambo yatanyooka, wa walioshindwa wakaona giza, na uchumi ni uleule.

Lakini hofu ya kesho msiidharau jamani. Chuo Kikuu cha Michigan kinauliza familia tangu 1946 zinaonaje mbele, na kuna sababu, mtu akiogopa anaahirisha kununua, anaahirisha kujenga, muuzaji anakosa mteja, anapunguza wafanyakazi, na waliopunguzwa ndo wanazidi kubana, mwisho kile kilichoogopwa kinakuja chenyewe. Kiongozi anayejibu "uchumi uko imara" bila kugusa ajira na mishahara haitulizi hiyo hofu, anaichochea.

Mnaosema watu hawaelewi nijibuni hili: mkiambiwa mtangaze namba moja tu kila mwaka badala ya ukuaji wa pato, mtaweka ipi? Mimi naweka kipato ukishatoa bei zilivyopanda, na sio wastani maana matajiri wachache wanaubeba wote, nataka cha yule aliye katikati kabisa tukipangwa mstari kuanzia maskini hadi tajiri.