Yule mwalimu wa hesabu wa "hatua inayofuata ni jioni"

Mzazi_Igoma: Wa Igoma mpaka Kisesa hapa Mwanza mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kidato cha kwanza, ubaoni 3x + 2y = 16 na 5x − y = 18. Kasema zidisha ikwesheni ya pili kwa 2, watoto wakapata 10x − 2y = 36. Hapo hapo kafuta ubao! "Hatua inayofuata ni jioni, mje na mia tano." Yaani tuisheni yake.

Hatua yenyewe ni kujumlisha tu! 2y zinakatana, inabaki 13x = 52, x ni 4, unairudisha juu, y ni 2. Nusu dakika! Vipindi viwili vimeunganishwa, dakika 80, nusu dakika imekosekana?

Asiye na mia tano anarudi na daftari lililoishia "zidisha kwa 2". Kesho kwenye zoezi anatoa badala ya kujumlisha, anapata −7x + 4y = −20, x ipo, y ipo, hasogei. Anaitwa kilaza mbele ya wenzake.

Mia tano kwa siku tano ni 2,500. Ruzuku ambayo serikali inaipa shule kwa kila mwanafunzi wa sekondari ni 25,000 kwa mwaka, huyu anakusanya hiyo kwa mtoto mmoja kwa wiki kumi. Ada ilifutwa Januari 2016, yeye kairudisha kwa mlango wa nyuma. Kafuta ubao jamani. KAFUTA!

Dagaa_Mwaloni: Mkuu umemaliza topiki nzima humu. Tukulipe mia tano wapi?

Mama_Buhongwa: Huyo afadhali, jioni anafundisha. Wa kwetu anawakaririsha majibu ya mitihani ya nyuma. Hesabu kidato cha nne sehemu A ni maswali 10 kwa alama 60, na njia ina alama zake. Namba zikibadilishwa kidogo mtoto hana njia wala jibu.

Nyegezi_Juu: Mkimsema mwalimu semeni na darasa lilivyofurika. Madaftari yote hayo anasahihisha saa ngapi?

Mzazi_Igoma: Darasa kufurika ndiyo afute ubao?

Kisiwani_Ukerewe: Nyie mna mwalimu wa kufuta ubao. Huku hesabu tunategemea wa kujitolea, ziwa likichafuka havuki, wiki imekwenda.

Dagaa_Mwaloni: Na tuisheni ikitoka saa 12 jioni, konda gani anapakia mwanafunzi wa mia mbili?

Mama_Buhongwa: Usinikumbushe! "Wanafunzi wawili tu!" Viti viko wazi, anasubiri wa nauli kamili.

Nyegezi_Juu: Njia ya Buhongwa ndiyo wabaya wao. Wanakata ruti Mkuyuni, watoto wanashushwa na begi zao gizani.

Mzazi_Igoma: Turudi kwenye mada, kafuta ubao

Mama_Buhongwa: Yule mwenye daladala ya mlango uliofungwa kamba, mnamjua? Yule ndiye kiboko.

Dagaa_Mwaloni: Wa kamba! Juzi kashusha watoto Butimba na nauli hajarudisha.