Nani anamsomea Mama kesho?

Kikundi: NYUMBA YA MAMA

JUMATATU

05:52 Kitinda Mimba: (picha: jua linachomoza, maandishi ya dhahabu "Amka na Bwana")

05:58 Wifi: Amina 🙏

06:10 Senje (shangazi): Amina. Mulembe nyote.

07:46 Dada: Amina. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, niko kwa matatu ya Kondele. Naomba niseme neno, mnisamehe likiwa zito. Nimepandisha juu nikahesabu. Tangu Jumatatu iliyopita tumetumiana picha 31 za sala humu ndani. Amina sikuzihesabu. Nikajiuliza, ni nani kati yetu aliyeomba? Mimi wiki hii mara tatu nimeandika Amina nikiwa kwa foleni ya uji, nikafika nyumbani nikalala bila kumwambia Mungu hata neno moja.

07:51 Kitinda Mimba: Dada, mtumaji ni mimi, kwa hivyo nimeipokea. Nikiamka mkono unatafuta simu chini ya mto kabla macho hayajafunguka. Naona picha nzuri, naituma, moyo unaniambia nimeshaomba. Halafu naangalia video moja, ya pili, nikishtuka ni saa mbili na somo limeanza. Hapa Maseno niko peke yangu chumbani, hakuna wa kuniita sebuleni kama zamani. Nauliza kwa kutaka kujua: nyinyi mnafanyaje?

08:02 Wifi: Shemeji, sisi tulianzia kwa hiyo simu. Tulinunua saa ya kengele sokoni, simu zote mbili zikahamia jikoni, zinalala huko kwa chaji. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, sasa hata watoto wanajua simu haiingii chumbani. Kwetu nilikozaliwa ni Wakatoliki, unajua. Mama alitufunza kufanya ishara ya msalaba kabla mguu haujagusa sakafu. Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, ndipo utafute ndara. Saa kumi na mbili kengele ya parokia ikilia unasimama pale pale ulipo, hata kama una ndoo kichwani, unasali Malaika wa Bwana. Saa sita mchana tena, na saa kumi na mbili jioni. Mimi hata leo nikisikia kengele mahali mwili unasimama wenyewe.

08:05 Wifi: Nilipoolewa kwenu nikakuta mnakaa kimya asubuhi, nilidhani nimewakosea.

08:19 Senje: Hukutukosea mwanangu. Ndivyo kanisa letu la Marafiki, wale wanaoitwa Waquaker, lilivyotulea. Wamisionari wake walifika hapa Kaimosi mwaka 1902, na babu yenu aliupenda huo ukimya kuliko mahubiri. Kila asubuhi tulikaa kwa mkeka, hakuna kusema, hakuna kukohoa ovyo, mpaka yeye mwenyewe aseme "Bwana yupo". Nikiwa mtoto niliona ni adhabu. Kuku anawika, uji unanukia, nawe umekaa tu. Sasa ni mzee na ndiyo nusu saa ninayoipenda kuliko zote. Mambo niliyomficha Mungu jana yanajitokeza yenyewe, moja moja, kama watoto waliofanya kosa.

08:24 Senje: Kitinda, usianze na nusu saa. Anza na dakika tano. Utaona hata tano ni ndefu.

08:47 Kaka Mkubwa: Nimefika Kisumu salama, abiria wanashuka, ndio maana nimenyamaza muda wote. Sishiki simu barabarani. Mimi asubuhi yangu ni steji ya Nakuru, saa kumi na nusu, giza, makanga wanavutana na mizigo. Kukaa kimya pale ni ndoto. Lakini gari haliwashwi kabla sijaweka mikono yote miwili kwa usukani nikasema: Bwana, hawa 14 ni wako, si wangu. Nilianza baada ya Londiani, Juni 2023. Mnakumbuka, lori liliacha barabara likaingia kwa watu pale makutano, wakafa zaidi ya 50. Mimi hupita pale kila siku. Wale walikuwa wauzaji wa kando ya barabara na watu wa kusubiri gari, hawakuwa hata safarini.

08:50 Kaka Mkubwa: Makanga wangu mwanzoni alikuwa anaangalia kando. Siku hizi nikisahau ananigusa bega.

08:58 Dada: Kaka, umenitoa machozi na sijalala 😢

09:04 Dada: Shida yangu ni hii. Asubuhi yenu ni usiku wangu. Nikitoka wodini miguu imevimba, Biblia nikiifungua naona mistari inapishana. Mara nyingi maombi yangu ya kweli huwa kwa sinki, nikinawa mikono kutoka kitanda kimoja kwenda kingine. Siwezi kuwataja wagonjwa kwa majina, hata moyoni nimezoea kutowataja. Nasema tu: Bwana, kitanda cha sita. Bwana, kitanda cha kumi na moja, mama yule na homa ya mtoto wake. Yeye anajua majina. Sasa hiyo ni ibada ya asubuhi au ni kitu gani?

09:15 Senje: Soma Marko 1:35, lakini usianzie hapo. Anzia mstari wa 32. Jioni ile walimletea Yesu wagonjwa wote, mji mzima ukajaa mlangoni. Ndiyo zamu yako hiyo. Kisha alfajiri akaondoka akaenda mahali pasipokuwa na watu. Alikuwa amechoka kama wewe. Kwa hivyo sinki ni sala, usiiache. Lakini utafute na pale pasipo na watu, hata kama ni saa tatu asubuhi ukishaoga.

09:40 Mama (sauti): Watoto wangu, mulembe. Nimewasikia wote, mjukuu amenisomea kabla hajaenda shule, mengine jirani amenisomea. Sikiliza. Wana wa Israeli jangwani walipewa mana, kitabu cha Kutoka, sura ya kumi na sita. Walitoka kuokota asubuhi, pishi moja kwa kila mtu. Aliyetaka kuwa mjanja akaweka ya kesho, iliingia mabuu ikanuka. Na aliyekawia, jua likiwa kali, ilikuwa imeyeyuka. Mimi hiyo ndiyo nimeishi nayo tangu nilipoolewa. Ya jana hainishibishi leo. Dada yenu akiamka saa nane mchana, hiyo ndiyo asubuhi yake, jua lake bado halijawa kali. Lakini asianze na mambo mengine.

09:44 Mama (sauti): Na Kitinda, wewe usinililie kwamba huna maneno. Baba yenu alipotutoka nilikaa miezi mitatu bila neno. Nilikuwa naamka saa kumi na nusu kama kawaida, nawasha taa, nakaa kwa kile kigoda nyuma ya mlango, nasema mstari mmoja: "Unifanye kusikia fadhili zako asubuhi, kwa maana nimekutumaini Wewe." Basi. Nazima taa naenda kukama ng'ombe. Miezi mitatu, mstari mmoja. Sikuanguka.

09:52 Kaka Mkubwa: Mama. Hatukujua hilo.

10:03 Kitinda Mimba: Mimi nakumbuka mwanga chini ya mlango. Nilikuwa darasa la nne. Nilikuwa nikiuona narudi kulala bila hofu.

10:11 Dada: Mama, Zaburi 143 hiyo. Na juzi ulitutajia 23, na wiki ile nyingine 121. Ngoja nikuulize. Zamani ulikuwa unatuletea hata Habakuki, unatuambia leo nimefika sura fulani. Siku hizi ni zile ulizotufunza tukiwa wadogo tu. Na huandiki tena, unatuma sauti. Mama, unasoma?

10:12 Dada: Nijibu kweli.

(Hakuna aliyeandika kwa dakika ishirini na tano.)

10:37 Mama (sauti): Sijasoma tangu mvua za Aprili. Herufi zinamwagika, ni kama mtu amemwaga punje za wimbi kwenye karatasi. Nilibadilisha miwani pale sokoni, haikusaidia. Biblia bado naifungua. Naiweka pale kwa kile kikaratasi cha mbegu za mahindi, mahali nilipoachia, naweka mkono juu, nasema zile ninazozijua kwa moyo. Sikutaka kuwasumbua. Kila mmoja wenu ana mzigo wake.

10:39 Wifi: Mama jamani. Tangu Aprili?

10:41 Kaka Mkubwa: Nilikuwa hapo nyumbani Agosti. Nilikuona umekaa nayo mapajani. Nikadhani unasoma. Nisamehe, Mama.

10:44 Dada: Mama, usiku ukiangalia taa inaonekanaje?

10:46 Mama (sauti): Ina duara. Kama mwezi ukiwa na mvua.

10:50 Dada: Sawa. Huenda ni mtoto wa jicho, lakini lazima upimwe, siwezi kusema nikiwa Kisumu. Kama ni hilo, lina matibabu. Wanatoa ile lenzi iliyoingia ukungu, wanaweka nyingine ya kutengenezwa, na watu wengi hawalali hospitali siku nyingi. Uko karibu na hospitali ya macho ya Sabatia, ni mwendo mfupi kutoka hapo Chavakali. Ijumaa sina zamu. Nakuja Alhamisi jioni, tunaenda pamoja asubuhi. Pesa tutazungumza sisi watoto kando, wewe usiingie hapo.

10:55 Senje: Nami nakuja. Sitaki aende na mmoja.

11:02 Kitinda Mimba: Na kabla ya Ijumaa? Na baada, akiwa amefungwa jicho? Tumsomee sisi. Kila mtu siku yake, tunasoma kwa sauti tunatuma hapa, mjukuu anamwekea Mama simu kwa kigoda. Tunaanzia pale kikaratasi kilipo. Mama, kiko wapi?

11:06 Mama (sauti): Kiko Maombolezo. Sura ya tatu.

11:09 Kaka Mkubwa: Kesho mimi. Nitarekodi leo usiku nikishafika nyumbani, ili asubuhi Mama aikute.

11:13 Mama (sauti): Hapana. Ya leo usiku itakuwa na mabuu. Nisomee asubuhi.

11:15 Kaka Mkubwa: Basi steji, gari likingoja kujaa. Utavumilia kelele.

11:16 Mama (sauti): Nitavumilia.

11:20 Wifi: Jumanne Baba watoto, Jumatano Kitinda, Alhamisi mimi, Ijumaa Dada atakuwa hapo nyumbani. Jumamosi Senje. Jumapili kanisani. Na tafadhali nyote, zile picha tuziache kidogo. Nafasi iwe ya sauti.

JUMANNE

04:43 Kaka Mkubwa (sauti, dakika 3)

04:58 Mama (sauti): Nimesikia. "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii." Hapo ulisimama kidogo, nikajua umefikiria barabara. Nimesikia pia kijana anaita Kericho, Kericho, sauti imemkauka. Nimemwombea na yeye. Ninyi nendeni salama.

08:51 Kaka Mkubwa: Tumefika. Makanga amesikia hiyo sauti yako mara mbili. Ameomba nimtumie.

13:20 Dada: Nimeamka sasa. Kabla ya simu nimekaa dakika tano kama Senje alivyosema, mlango nimefunga, nje watoto wa ploti wanacheza mpira. Dakika ya tatu nikamkumbuka muuguzi mwenzangu niliyemjibu vibaya juzi. Naenda kumpigia.

JUMATANO

04:30 Mama (sauti): Niko kwa kigoda.

04:55 Mama (sauti): Kitinda?

05:08 Wifi: Amelala huyo. Nimpigie?

05:09 Mama (sauti): Usimpigie. Ataamka mwenyewe.

05:47 Kitinda Mimba: Mama nimeamka. Niliweka simu mbali na kitanda kama Wifi alivyosema, sikusikia kengele. Nimechelewa, nisamehe. Bado uko? Au umeenda kwa ng'ombe?

05:49 Mama (sauti): Ng'ombe nimekama, maziwa yako kwa jiko, nimerudi nimekaa. Bado giza huku. Kaka yako aliishia mstari wa 39. Soma, nakusikiliza.

05:56 Kitinda Mimba (sauti, dakika 4)

06:02 Mama (sauti): Umekimbia pale mwisho. Rudia kuanzia "Naliliitia jina lako, Bwana". Polepole.

06:05 Kitinda Mimba (sauti, dakika 2)