Biashara ya mtandao: nililipwa kwa kuwaingiza ndugu zangu, si kwa kuuza bidhaa

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira ambayo haijapoa tangu mwezi uliopita, siku nilipokaa na daftari nikajumlisha kwa mara ya kwanza kila shilingi niliyoitoa na kila shilingi niliyoipokea katika miezi 14 ya kile kinachoitwa biashara ya mtandao, yaani ile ya kununua bidhaa za kampuni na kuwaingiza watu wengine chini yako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Jina la kampuni sitalitaja kwa kuwa bado ninafuatilia madai yangu.

Nianze na nilikotoka, asije mtu akaniambia kwamba sijui kuuza. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwauzia walimu wenzangu na wauguzi wa zahanati ya jirani vitenge na mashuka. Mzigo nauchukua Kariakoo, kitenge cha 18,000 nakiuza 25,000, mteja analipa nusu siku ya kukichukua na nusu mshahara ukitoka. Wapo wasumbufu wa kulipa, na ipo miezi ambayo mzigo unalala, lakini biashara hiyo imemlipia mdogo wangu ada ya chuo cha ufundi. Anayenunua kitenge kwangu anakinunua kwa sababu anataka kukivaa. Hajatokea hata mmoja aliyenunua kitenge ili apate haki ya kumtafuta mnunuzi mwingine wa vitenge. Nawaomba mlishike jambo hilo, kwa sababu malalamiko yangu yote yanasimama hapo.

Aliyenialika ni mwalimu mwenzangu, mtu tuliyeaminiana kiasi cha kudhaminiana kwenye mikopo ya SACCOS. Aliniambia tu, "Dada, Jumamosi vaa vizuri, kuna fursa nataka uisikie mwenyewe," na kila nilipouliza ni fursa gani alinijibu kwamba kwenye simu haielezeki. Baadaye, nilipofundishwa na mimi namna ya kualika, nilijua kwamba jibu hilo si lake. Tuliagizwa tusieleze chochote mapema, kwa kuwa mtu akielezwa nyumbani kwake atapata muda wa kufikiri na kumuuliza mwenzake.

Ukumbini tulikuwa kama watu 80. Alipanda mama mmoja akasimulia jinsi alivyokuwa akiuza maandazi na sasa anajenga, watu wakasimama na kupiga makofi, kisha ikaletwa hundi ya karatasi ngumu, pana kama mlango, imeandikwa mamilioni kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa mstari wa pili. Niliiona vizuri: haikuwa na jina la benki wala tarehe. Niliiona na bado nilipiga makofi, kwa sababu kila aliyekuwa karibu yangu alikuwa anapiga makofi, na mwenzangu ninayemwamini alikuwa amenishika bega.

Kifurushi cha kuanzia kilikuwa shilingi 860,000. Nilikopa SACCOS. Ndani yake mlikuwa na pakiti za kahawa iliyochanganywa na uyoga, dawa ya meno, vidonge vya lishe na mkanda wa kiuno. Dawa ya meno ilipaswa kuuzwa 15,000, na wateja wangu wa vitenge, ambao wananiamini kwa kila kitu, waliniuliza kwa upole kwa nini waiache ya 3,000 iliyopo dukani kwa Mangi. Sikuwa na jibu. Nilipompigia apulaini wangu, yaani yule aliye juu yangu katika mtandao, alinijibu kwamba nisihangaike sana na rejareja, kwa kuwa pesa ya kweli ipo kwenye timu. Alisema hivyo kwa maneno yake mwenyewe: usiuze bidhaa, uza fursa.

Na kulikuwa na sharti ambalo siku ya semina halikutajwa kabisa. Ili akaunti iwe hai, kila mwezi ni lazima ununue bidhaa za 90,000. Usiponunua, kamisheni ya mwezi huo inapotea, hata kama watu walio chini yako wamefanya kazi usiku na mchana. Kwa hiyo nikanunua mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na maboksi yakaanza kujaa chini ya kitanda mpaka watoto wakakosa pa kuweka viatu. Hizo 90,000 zilihesabiwa kama mauzo. Mnunuzi nilikuwa mimi mwenyewe, na juu kwa juu zikawa takwimu ya kuonyesha ukumbini kwamba kampuni inakua.

Hesabu za daftari langu ni hizi. Kifurushi 860,000, ununuzi wa lazima wa miezi 14 ni 1,260,000, jumla 2,120,000. Mauzo kwa watu wa nje, ambao hawakujiunga, ni 236,000 kwa muda wote huo. Kamisheni ni 412,000. Nilichopokea chote ni 648,000, kwa hiyo nimepoteza 1,472,000 bila kuhesabu nauli, viingilio vya semina, wala riba ya SACCOS ninayoendelea kukatwa kwenye mshahara mpaka leo.

Hasara hiyo ingeniuma tu kama hasara nyingine. Kilichoniwasha ni pale nilipoichambua ile kamisheni. Katika 412,000, shilingi 360,000 zimetokana na watu sita niliowaingiza, 60,000 kwa kila kichwa, na 52,000 zilizobaki zimetokana na bidhaa walizolazimika kununua watu hao hao sita ili akaunti zao zibaki hai. Hakuna shilingi hata moja iliyotoka kwa mtu aliyetaka tu kupiga mswaki au kunywa kahawa. Nililipwa kwa ajili ya vichwa vya watu.

Mmoja wa hao sita ni mama mdogo wangu, mkulima wa Ifakara. Aliuza magunia ya mpunga aliyokuwa ameyaweka kusubiri bei ipande, akaniletea pesa taslimu zimefungwa kwenye kona ya khanga, akasema, "Mwanangu, mimi haya mambo siyajui, ila wewe umesoma." Alizihesabu noti mbele yangu, za elfu tano na za elfu mbili, na nikazipokea. Hakuwahi kumwingiza mtu mwingine, kwa sababu kijijini kwake hakuna anayenunua kahawa ya 45,000. Sasa ninamrudishia kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, naye amekataa kata kata kunilaumu, na huko kunyamaza kwake kunaniumiza kuliko kama angenitukana.

Viongozi wa mtandao wana jibu moja kwa kila anayelalamika: hukujituma, una mawazo hasi, umekata tamaa karibu na mlango. Nawaomba wanajukwaa mfanye hesabu ambayo ukumbini haifanyiki. Tuliambiwa kila mmoja atafute watano tu, na kila mmoja wa hao atafute watano. Watano, 25, 125, 625, inaonekana rahisi kwenye ubao. Endeleeni mpaka ngazi ya 11, mjumlishe ngazi zote, mtapata watu 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo hata kama kila Mtanzania angejiunga na kujituma mpaka usiku wa manane, walioko ngazi ya mwisho, ambao peke yao ni zaidi ya milioni 48, wasingekuwa na mtu wa kumwalika. Hao watu milioni 48 wote watakuwa wavivu?

Najua utetezi wa pili: "Sisi si upatu, tuna bidhaa na tuna cheti cha BRELA." Cheti cha usajili kinaonyesha kwamba kampuni imeandikishwa, hakithibitishi kwamba namna inavyolipa watu ni halali. Upatu wa namna hiyo, yaani mpango wa kuwalipa waliotangulia kwa pesa za wanaoingia nyuma yao, ni kosa la jinai nchini kwetu chini ya Kanuni ya Adhabu, na wenye umri wangu hatujasahau DECI ya mwaka 2009, iliyowaahidi watu kwamba wakipanda mbegu watavuna, ikaingia mpaka makanisani, na viongozi wake wakaishia mahakamani Kisutu. DECI haikuwa na bidhaa. Waliokuja baada yake wamejifunza kuweka dawa ya meno katikati.

Na kuwepo kwa bidhaa peke yake hakumsafishi mtu. Huko Marekani, ambako biashara hii ilikomaa, tume yao ya biashara iliamua tangu mwaka 1975, katika shauri la Koscot, kwamba ukimlipisha mtu ili apate haki ya kuuza pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo yasiyohusiana na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho, huo ni mfumo wa piramidi, na Koscot walikuwa wakiuza vipodozi. Mwaka 1979 Amway, kampuni nyingine ya biashara ya mtandao, hawakuhesabiwa kuwa piramidi, na miongoni mwa sababu ni kwamba walikuwa na masharti: msambazaji auze sehemu kubwa ya mzigo alionao kabla ya kuchukua kamisheni, athibitishe kwamba ana wateja wa rejareja, na bidhaa zisizouzika zirudishwe. Mwaka 2016 Herbalife, nao wa biashara ya mtandao, walikubali kulipa dola milioni 200 na kupanga upya malipo yao nchini humo ili yatokane na mauzo yanayothibitika.

Hayo masharti kwenye kampuni yangu sikuona hata moja likifanya kazi. Nilibeba maboksi manane ambayo hayajafunguliwa hadi ofisi ya tawi, nikaambiwa muda wa kurudisha ulikuwa siku 30 tangu kununua na kwamba ipo kwenye fomu. Fomu hiyo sikuwahi kupewa nakala. Nilipoomba kuiona, kijana wa mapokezi alisema mfumo uko chini. Nilirudi wiki iliyofuata, mfumo ukawa bado uko chini, lakini mashine ya kupokea malipo ya wanachama wapya ilikuwa inafanya kazi, na nilimwona kwa macho yangu mama mwenye mtoto mgongoni akilipa.

Lipo pia suala la afya, nalo nitalisema kwa kifupi kwa sababu linanitia uchungu. Kwenye makundi ya WhatsApp tulitumiwa shuhuda za watu waliopona kisukari na presha kwa kahawa ile, tukaagizwa tuzisambaze. Nilizisambaza. Mzee mmoja jirani yangu aliacha vidonge vyake vya presha kwa wiki mbili, mpaka binti yake alipogundua. Bidhaa ya lishe si dawa, na anayemwambia mgonjwa vinginevyo anacheza na uhai wake.

Ninachodai ni hiki. Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, izilazimishe kampuni hizi zimwonyeshe kila anayejiunga, kabla hajatoa hata shilingi, ni wanachama wangapi walipata faida mwaka uliopita baada ya kutoa gharama zao, na ni wangapi walipata hasara. Wamwonyeshe mama yule mwenye mtoto mgongoni karatasi hiyo badala ya hundi ya karatasi ngumu. Sharti la kununua kila mwezi lipigwe marufuku. Bidhaa ambazo hazijafunguliwa zirudishwe na pesa itolewe.

Wiki hii ninaandika barua ya malalamiko kwa Tume, na nitaambatanisha nakala za miamala yote ya simu. Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kurudishiwa pesa na kampuni ya aina hii, naomba aeleze hapa alimwandikia nani, aliambatanisha nini, na ilichukua muda gani. Na kwa wale watano wengine niliowaingiza, najua wawili kati yenu mnasoma humu: namba yangu ni ile ile, nipigieni, nataka majina yenu yawemo kwenye barua.