Barnes, Marshall, Bumrah: warushaji wa kriketi ya Testi tunawalinganishaje enzi kwa enzi?

Mpenda Wiketi

Wakuu, habari za leo. Mimi na mdogo wangu tumebishana mpaka tumechoka, naomba msaada wenu.

Yeye anashikilia kwamba warushaji wa kweli wa Testi, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa, walikuwa wa zamani. Hoja yake ni namba (wiketi ni mpigaji aliyetolewa, na wastani wa mrushaji ni mikimbio, yaani alama, anazoruhusu kwa kila wiketi, kwa hiyo ukiwa chini ndio bora): George Lohmann alichukua wiketi 112 kwa wastani wa 10.75, Sydney Barnes 189 kwa 16.43. Malcolm Marshall, ambaye kwangu mimi hana mpinzani, ana 376 kwa 20.94. Basi kwake Marshall anakuja nyuma ya hao wawili, tena mbali.

Tukihamia kwa wapigaji, ambao wastani wao ni mikimbio wanayopata kwa kila kutolewa na ukiwa juu ndio bora, namba zinageuka. Victor Trumper ana wastani wa 39.04, Matthew Hayden 50.73. Kwa kipimo hichohicho Trumper ni mpigaji wa kawaida tu, na mdogo wangu hilo halitaki hata kulisikia! Nyie wenzangu mnapimaje?

Pichi Mbichi

Mkuu, mwambie mdogo wako achague moja. Wastani wa mrushaji na wa mpigaji unatoka kwenye mikimbio ileile na wiketi zilezile. Enzi ambayo wiketi zinaanguka kwa mikimbio michache, kila mrushaji anaonekana jitu na kila mpigaji anaonekana dhaifu.

Na zilikuwa zinaanguka kwa sababu ya pichi, ule ukanda wa ardhi ambako mpira unatua. Zamani Uingereza na Australia pichi haikufunikwa mechi ikishaanza. Mvua inyeshe usiku, jua liwake asubuhi: juu panashika ukoko, chini bado tope. Mpira mmoja unatua na kuruka hadi kooni, unaofuata unatua palepale na kupita chini chini kuelekea vigingini nyuma ya mpigaji. Hapo hata uwe na jicho la mwewe, unabahatisha. Lohmann alikuwa hodari, sibishi, lakini sehemu ya ile 10.75 ni ya ardhi.

Sasa mtazame Trumper kando ya wenzake. Clem Hill, Mwaustralia mwenzake wa wakati huohuo na mmoja wa wapigaji bora wa enzi ile, ana 39.21. Kwa hiyo 39 ndiyo iliyokuwa kiwango cha wakubwa. Pale Old Trafford mwaka 1902 Trumper alifikisha mikimbio mia kabla ya mapumziko ya mchana ya siku ya kwanza. Kwenye zamu yao ya pili ya kupiga Australia nzima ilitoka kwa 86, na bado wakashinda mechi, kwa mikimbio 3. Mia moja ya siku ile huwezi kuilinganisha na mia ya kwenye pichi kavu iliyofunikwa.

Barnes ndiye anayenivutia zaidi. Msimu wa 1913–14, akiwa na England huko Afrika Kusini, alichukua wiketi 49 katika mechi 4, kwenye pichi za mikeka ambako mpira unang'ata na kuruka. Mtu akiniambia ni mikeka tu, namuuliza: mbona Herbie Taylor wa Afrika Kusini alipiga mikimbio 508 kwenye mfululizo ule ule, wastani wa 50.80? Wenzake wanadondoka upande wa pili, yeye amesimama. Mimi nikitaka kujua enzi ile ilikuwa na ubora gani, naanzia kwa Barnes na Taylor wakiwa uso kwa uso. Wastani wa karne nzima hauwezi kunionyesha hilo.

Kigingi cha Kati

Nakuunga mkono mkuu, ila kipimo cha wenzake kina shimo. Marshall ukimweka kando ya wenzake wa West Indies, Joel Garner ana 20.97 na Curtly Ambrose 20.99. Utasema Marshall alikuwa wa kawaida? Hapana, aliangukia kwenye timu ya majabali. Ndiyo maana mimi naangalia na mahali. Ziara ya India ya 1983–84, pichi za polepole ambazo wenye kasi huzilalamikia, Marshall aliondoka na wiketi 33 katika mechi 6. Mtazame pia Richard Hadlee wa New Zealand: 431 kwa 22.29, na kwa miaka mingi upande wa pili hakuwa na mwenzake wa kiwango chake.

Tena tusidhani zamani yote ilikuwa tope. Miaka ya 1930 ilikuwa neema kwa wapigaji. Mwaka 1938 pale The Oval, Len Hutton alipiga 364 na England wakafunga zamu yao kwa mikimbio 903, wakiwa wamepoteza wiketi 7 tu. George Headley ana 60.83, Herbert Sutcliffe 60.73, Wally Hammond 58.45. Halafu katikati yao yupo Don Bradman na 99.94. Hata ukikata punguzo la enzi, pengo lile halizibiki. Harold Larwood na warushaji wenzake wa England walipomlenga mwili msimu wa 1932–33, walimshusha hadi 56.57, na bado wastani huo ndio uliokuwa wa juu kuliko wa Mwaustralia mwingine yeyote.

Mpenda Wiketi

Asanteni sana wakuu. Hiyo ya Taylor nimemsomea mdogo wangu, amenyamaza kidogo. Sasa amekuja na Jasprit Bumrah wa India: wiketi 200 kwa wastani chini ya 20, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla ya Desemba 2024. Je, naye tumkate punguzo?

Pichi Mbichi

Kidogo, ndiyo. Miaka hii pichi nyingi zinawapendelea warushaji. Na tangu marudio ya video yaanze kutumika, wapigaji wanatolewa kwa mguu mbele ya vigingi (mpira unagonga mguu ukiwa unaelekea vigingini) kwa mipira ambayo zamani mwamuzi angewaachia, hasa wakishanyoosha mguu mbele kabisa. Barnes na Marshall hawakupata msaada huo. Lakini fanya kama kwa Barnes: chukua mechi alizocheza Bumrah, uangalie wenye kasi wengine walichukua nini kwenye pichi ileile, siku zilezile. Anzia na mfululizo wa Australia wa 2024–25. Alichukua wiketi 32 katika mechi 5, na timu yake ikafungwa 3–1.