Je, moto wa Dark Souls ni ule moto wa Heraclitus?

Mkazi wa Mikindani:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kucheza Dark Souls, ile gemu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Hidetaka Miyazaki wa Japani, na tangu hapo nimekuwa nikirudia kurasa za Heraclitus wa Efeso tulizosoma chuoni, kwa sababu naona gemu na mwanafalsafa huyo wanazungumzia jambo moja. Gemu inaanza na dunia ya ukungu, yenye majabali ya kijivu, miti mikubwa na majoka wasiokufa. Kisha unatokea moto, na pamoja na moto zinazaliwa tofauti: joto na baridi, uhai na mauti, mwanga na giza. Heraclitus naye, aliyeishi kiasi cha miaka 500 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba ulimwengu huu haukuumbwa na mungu wala mwanadamu, bali ni moto ulio hai daima, unaowaka kwa kipimo na kuzimika kwa kipimo.

Kinachonitatiza ni Gwyn, yule mfalme wa gemu aliyepata nguvu zake katika moto huo. Moto ulipoanza kufifia, aliifanya nafsi yake kuwa kuni ili zama zake zisifike mwisho, na mchezaji anayemshinda huachiwa kuchagua: ama auchochee moto kwa mwili wake mwenyewe, ama aupe kisogo uzimike. Mimi niliuchochea, nikiamini kwamba natenda wema. Je, kwa mizani ya Heraclitus nilitenda wema kweli?

Binti wa Lindi:
Kaka, umeanza na mtu sahihi, lakini umempita jirani yake. Kabla ya Heraclitus alikuwapo Anaximander wa Mileto, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, ambaye alikataa kwamba chanzo cha vyote ni maji au moto. Kwake chanzo ni kitu kisicho na mpaka, ambacho joto na baridi vilitengana kutoka humo. Ule ukungu wa mwanzo, ambamo hata kufa hakujulikani, unaufahamu vizuri zaidi ukiusoma kwa Anaximander, maana kwa Heraclitus moto haukuwa na mwanzo, ilhali katika gemu moto unatokea siku moja.

Anaximander aliongeza jambo zito zaidi: kwamba vitu hulipana fidia kwa dhuluma vilizotendeana, kwa utaratibu wa wakati. Kiangazi kina zamu yake na masika ina zamu yake, na anayeng'ang'ania zamu ya mwenzake anajiwekea deni. Gwyn aling'ang'ania. Deni lake tunaliona katika miili ya watu wa kawaida, ambao kila moto unapofifia huota alama ya laana, hawafi wakafa, hurudi na kurudi huku akili ikiwatoka kidogo kidogo. Wanalipa watu ambao hawakukopa, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapoicheza gemu hii.

Mwalimu wa Newala:
Marahaba, mwanangu. Binti wa Lindi amesema kweli kuhusu ukungu. Asubuhi za baridi huku kwetu, ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu wakati bonde la Ruvuma limefunikwa, huoni juu wala chini, mbali wala karibu, mpaka jua lipande ndipo kila kitu kirudi mahali pake. Nikikumbuka hali hiyo, neno la Anaximander halinipi taabu.

Hata hivyo, kwa swali la Gwyn narudi kwa Heraclitus, kwa sababu alisema jambo ambalo ni kama alimlenga yeye. Alisema jua halitavuka vipimo vyake, na likivuka, Erinyes, yaani wale wasaidizi wa Haki wanaowaandama wakosaji, watalinasa. Sasa kumbukeni cheo cha Gwyn: ni Bwana wa Mwanga wa Jua. Ni jua lililokataa kutua. Tukimkuta mwishoni tunamkuta amezungukwa na majivu, na hata jina lake limebadilika, si bwana wa jua tena. Wahenga walisema moto huzaa majivu, nao hawakuwa wanawatukana watoto tu, walikuwa wamekaa mekoni wakaona.

Kosa lako, kama ni kosa, halikutokana na moyo mbaya. Frampt, yule nyoka wa kale katika gemu, alikushawishi kuuchochea moto, na nyoka mwenzake Kaathe angekushawishi kuuacha uzimike, na kila mmoja alikupa nusu ya habari. Heraclitus alimlaumu Hesiod, mshairi wa kale wa Wayunani, kwa kutojua kwamba usiku na mchana ni kitu kimoja. Katika gemu pia, ile nafsi ya giza iliyookotwa na kile kiumbe kidogo kilichosahauliwa, mzazi wa wanadamu, ilipatikana katika moto uleule uliompa Gwyn mwanga. Anayekwambia uchague upande mmoja dhidi ya mwingine hajaona kwamba chimbuko ni moja.

Fundi wa Masasi:
Naomba kuuliza kuhusu Wastoiko, wale wanafalsafa wa Kiyunani waliokuja baada ya Heraclitus. Wao walirithi moto wa Heraclitus, wakasema ulimwengu mzima huteketea na kuzaliwa upya ukiwa vilevile. Je, hao hawafai zaidi? Tena, Miyazaki si Myunani, na sina hakika kama inafaa kumvisha kanzu isiyo yake.

Mwalimu wa Newala:
Hawafai, ndugu yangu. Kwa Wastoiko kila mzunguko unarudi na nguvu ileile, ilhali katika gemu moto unazidi kudhoofika kadiri mizunguko ya kuuchochea inavyopita. Kuhusu kanzu, Miyazaki mwenyewe amewahi kueleza kwamba alipokuwa mdogo alisoma hadithi za Kizungu ambazo hakuzielewa zote, akajaziliza mapengo kwa mawazo yake. Mtu aliyejifunza kusoma hivyo ametuachia mapengo makusudi. Sidai kwamba alimsoma Heraclitus, nadai kwamba Heraclitus anatusaidia kuona.

Mkazi wa Mikindani:
Ahsante sana, Mwalimu, na ahsante dada. Basi nadhani sasa naielewa tamati moja ya Dark Souls III ya mwaka 2016, ambamo mlinzi wa moto anauacha ufifie, akisema kwamba giza litatanda, lakini siku moja vimoto vidogo vitaonekana tena gizani. Hapo moto umezimika kwa kipimo, na ahadi ya kuwaka kwa kipimo ipo.

Limenibakia jambo moja. Jua la Heraclitus lina walinzi, ila Gwyn sioni aliyemlinda asivuke. Isipokuwa kama ile laana ndiyo Erinyes wenyewe, na kama ni hivyo, mbona hawakumwandama yeye, wakatuandama sisi?