Pandas yasema ishawekwa lakini import yakataa, nisaidieni

binti_kisauni:
Asalaam aleikum wadau. Nasaidia ami yangu, anauza viazi na vitunguu kwa jumla soko la Kongowea. Bei zake ameziweka kwa Excel nami nataka kumuandikia programu ndogo ya Python imuonyeshe gunia lapanda na kushuka vipi wiki kwa wiki, manake sasa hivi anakisia tu na akikisia vibaya ni hasara. Natumia pandas, laibrari ya Python ya kusoma na kuchambua majedwali. Sasa nikiandika `pip install pandas` (pip ndiyo ya kuweka laibrari) naambiwa Requirement already satisfied, yaani ishaingia, nikiendesha faili kwa VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, napata ModuleNotFoundError: No module named 'pandas'. Nishaitoa nikairudisha, nishazima laptopu nikawasha, wapi! Ni Windows 10, na bando langu ni la kuhesabu kwa hivyo msinidaunlodishe vitu vizito kama si lazima.

pwani_kodi:
Futa Windows uweke upya, mimi ndivyo nilivyofanya ikakubali

fundi_likoni:
Waleikum salaam dada, usifute kitu tafadhali. Pandas iko kweli ila iko kwa Python nyingine. Laptopu moja yaweza kuwa na Python mbili tatu na kila moja ina folda yake ya kuwekea laibrari, yaitwa site-packages, hawaazimani, ni kama mzigo umeshushwa kwa jirani nawe wausubiri mlangoni kwako. Hebu piga hizi kwenye terminali utuwekee majibu:

`pip --version`
`python -c "import sys; print(sys.executable)"`
`py -0p`

binti_kisauni:
Ya kwanza mwisho wake imeandika python 3.9. Ya pili yaishia Python312\python.exe. Ya tatu yaonyesha zote mbili, na 3.12 ina kinyota. Laptopu niliinunua ishatumika, hiyo 3.9 itakuwa ya mwenyewe wa kwanza.

fundi_likoni:
Basi tumeipata. pip yako ni ya 3.9, programu yaendeshwa na 3.12. Usiite pip peke yake, ipitishe kwa Python unayoitumia:

`python -m pip install pandas`

Halafu ndani ya VS Code bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Python: Select Interpreter, chagua 3.12. Hapa wengi hupasahau, wanaweka laibrari sawasawa halafu VS Code yaendelea na Python ya zamani. Kuhusu bando, itabidi ishuke upya pamoja na numpy, laibrari ambayo pandas yaitegemea, hakuna njia, kwa sababu faili ya 3.9 jina lake lina cp39 na ya 3.12 ni cp312, moja haiwezi kutumika kwa nyingine.

mtoto_wa_makadara:
Naongezea kwa watakaopita hapa baadaye, angalieni pia jina la kuimport maana si lazima lifanane na la kuinstoli, opencv-python waiita cv2, Pillow ni PIL, scikit-learn ni sklearn. Na msiite faili yenu pandas.py, Python yatafuta kwanza kwenye folda ya hiyo skripti kwa hivyo itaokota yako. Walio na Ubuntu 24.04 pip ikikataa na kuwaambia externally-managed-environment tengenezeni venv, yaani folda ya Python ya pekee kwa mradi wenu, msikimbilie `--break-system-packages`, hiyo Python ya mfumo yategemewa na vitu vingine vya kompyuta.

binti_kisauni:
Imekubali wallahi!! Shukran sana kaka. Ila sasa nikisoma ile Excel yasema Missing optional dependency 'openpyxl'

fundi_likoni:
Hiyo ni kawaida, pandas haifungui .xlsx yenyewe, huitumia openpyxl. `python -m pip install openpyxl`, na hiyo ni nyepesi, haifiki MB moja.

binti_kisauni:
Imesoma yote, bei zatoka mstari kwa mstari. Kitu kimoja tu, tarehe ami aliziandika kama maandishi, 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili lakini yaisoma Machi tarehe 4.

mtoto_wa_makadara:
Chaguo la kawaida la pandas ni mwezi kwanza, kama Marekani. Weka `pd.to_datetime(df['tarehe'], dayfirst=True)`

binti_kisauni:
Imekaa sawa. Ami ashaanza kuulizia na vitunguu, ngoja niviingize.