Kusoma mwaka mzima: vitabu 52, kurasa za kila siku, au kitabu kimoja kinene?

Mwanafunzi_Mzee
Wakuu, salaam. Mwakani nataka kujiwekea changamoto ya kusoma na safari hii nifike nayo Desemba. Nimechuja nikabaki na njia tatu: kitabu kimoja kila wiki, jumla 52, kurasa kadhaa kila siku bila kuhesabu vitabu, au kitabu kimoja kinene nikitafune polepole mwaka mzima. Wiki hii nanunua vya kuanzia, kwa hiyo nahitaji kuamua. Nawasilisha.

Bi_Kurasa
Mleta mada, taarifa ni nusunusu. Una muda gani kwa siku? Unasoma kwa lugha gani? Riwaya au vitabu vya maarifa? Karatasi au simu? Na mwaka huu umemaliza vingapi?

Chuma_cha_Pua
52 ndio mpango, mengine visingizio. Kitabu cha kurasa 250 mara 52 ni kurasa 13,000. Gawa kwa 365, ni kama 36 kwa siku. Saa moja hivi, umemaliza. Goodreads, ule mtandao wa wasomaji, wanayo changamoto hii kila mwaka tangu 2011: unaweka idadi yako na mwenyewe unaona uko mbele au nyuma. Bila namba, mtu analegea Machi.

Sura_kwa_Sura
Mkuu Chuma, kurasa 36 za kitabu gani? Riwaya ya mapenzi na kitabu cha falsafa haviendi mwendo mmoja. Ukianza kukimbizana na idadi utajikuta unaokota vijitabu vya kurasa 90 na kukwepa vile ulivyovitamani miaka yote.

Mimi nipo na kitabu kimoja. Vita na Amani, riwaya ya Mrusi Tolstoy, ina sura 361 kwenye matoleo mengi, nyingi fupi tu. Sura moja kwa siku, unabaki na siku nne za akiba. Waliowahi kusoma Biblia nzima kwa mwaka wanaujua mtindo huu: sura 1,189, tatu na ushee kwa siku. Ratiba ya mchungaji M'Cheyne wa Uskoti ni ya 1842 na watu wanaifuata mpaka leo, tena yeye anakupitisha Agano Jipya na Zaburi mara mbili.

Chuma_cha_Pua
Na kikikuchosha Februari? Miezi kumi unaburuza maiti?

Sura_kwa_Sura
Unakiacha. Kwani umekula kiapo?

Mwanafunzi_Mzee
Muda ni usiku watoto wakishalala. Napenda karatasi. Mwaka huu nadhani vitatu, kimoja sikumaliza.

Bi_Kurasa
Viwili na nusu, halafu unawaza 52? Na lugha bado hujasema.

Msomaji_Huru
Kabla hujanunua, nisikilize. Niliingia kikundi cha kitabu kimoja kwa wiki. Msimamizi anachagua, Jumapili usiku kila mtu anaandika alipofika, halafu majina yanapangwa kama msimamo wa ligi. Nikanunua vya miezi mitatu kwa mpigo, mtandaoni, vya mtumba.

Cha tatu kilikuwa riwaya ya upelelezi. Nimefika ukurasa wa 112, mlinzi ndio kwanza kakutwa amekufa, nafungua wa pili naona 97. Kurasa 97 hadi 112 zimerudiwa, halafu inaruka hadi 129. Baadaye fundi wa kujalidi akanielewesha: karatasi kubwa huchapwa na kukunjwa kuwa fungu, mara nyingi kurasa 16, na hapo fungu moja limewekwa mara mbili, jingine limesahaulika. Muuzaji akajibu kilichouzwa hakirudi.

Nikaomba kikundini mtu anipigie picha hizo kurasa. Kimya. Mmoja akanijia pembeni: "Andika umemaliza, twende cha nne." Na aliyekuwa kinara wa orodha, muhtasari wake ulikuwa maneno ya jalada la nyuma, neno kwa neno! Nikajitoa. Nunua kimoja kimoja, na ukague namba za kurasa kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Masikio_Wazi
Pole sana mkuu. Ndiyo maana mimi nasikiliza. LibriVox wapo tangu 2005, vitabu ambavyo hakimiliki imekwisha, vinasomwa na watu wa kujitolea, bure kabisa. Nafua, kitabu kinaenda. Ukichanganya na sauti, 52 ni mchezo.

Chuma_cha_Pua
Kusikiliza si kusoma. Usimpotoshe mwenzio.

Masikio_Wazi
Kwa hiyo asiyeona akimaliza kitabu cha sauti hajasoma?

Chuma_cha_Pua
Usihamishe goli. Asiyeona ana sababu, na nukta nundu zipo. Wewe unaongeza kasi mara mbili huku unasuuza mashuka, jioni hata jina la mhusika hulikumbuki.

Masikio_Wazi
Nitajie wewe wahusika wa kitabu chako cha wiki ya tisa.

Nchi_kwa_Nchi
Mkiwa mnagombana, kuna njia ya nne. Ann Morgan, Mwingereza, mwaka 2012 alisoma kitabu kimoja kutoka kila nchi, nchi 196. Mimi nimepunguza: mwezi mmoja, nchi moja. Shida ni kupata tafsiri, kuna nchi utahangaika.

Bi_Kurasa
Ndiyo maana nauliza lugha! Mleta mada, kwa hali yako mimi ningeweka dakika 20 kila usiku, basi. StoryGraph, programu ya kufuatilia usomaji wako, inakuruhusu kuweka lengo la kurasa au saa badala ya vitabu. Na ukikosa usiku mmoja usijilipishe kesho yake, madeni ya kurasa ndiyo yanayoua.

Mwanafunzi_Mzee
Kiswahili na Kiingereza, ila Kiingereza nakwenda polepole. Naelekea kwenye kurasa za kila siku, lakini mama watoto kasoma huu uzi anataka tuchukue kile kinene, mmoja asome kwa sauti, mwingine asikilize, tupokezane. Sasa hapo tunahesabuje?

Chuma_cha_Pua
Anayeshika kitabu ndiye anayehesabu.

Masikio_Wazi
Ndoa ya watu hiyo mkuu, taratibu.

Mpita_Njia
PDF ya huyo Tolstoy ipo?

Sura_kwa_Sura
Ya Kiingereza ipo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, tafsiri ya Louise na Aylmer Maude.

Mpita_Njia
Ya Kiswahili?